Tahadhari: Kipuri Kilichochomwa kwa Gesi Kisirudi Barabarani

Kama una lori, basi dogo, pikapu au tela, na tairodi yake, mkono wa usukani, ekseli au jani la springi limewahi kuchomwa kwa gesi ili linyooke, usilipakie gari hilo mzigo kesho. Likalazwe gereji kwanza. Onyo hili ni la fundi pia, maana kazi yenyewe hufanywa kwa nia njema. Kipuri kimepinda, kipya ni ghali, mwenye gari anapiga simu kila baada ya nusu saa, na mtungi wa gesi uko hapo hapo. Chuma kinachomwa mpaka kiwe chekundu, kinapigwa nyundo, kinamwagiwa maji ili kishikike, kinapakwa rangi nyeusi. Gari linaondoka. Umbo limerudi kama lilivyokuwa, nguvu haikurudi, na kwa macho hakuna atakayeona tofauti.

Wengi wetu tunapima nguvu ya chuma kwa unene na uzito wake. Kwa geti la nyumba au kitanda cha chuma hilo linatosha. Kwa kipuri cha usukani halitoshi hata kidogo, kwa sababu kipande kile kile cha chuma, chenye kaboni ile ile, kinaweza kuwa laini kiasi cha kupindika, au chenye mnepo, au kigumu mpaka tupa isiking'ate. Kinachoamua ni joto kilichopitia na namna kilivyopozwa. Kiwandani mkono wa usukani hupashwa hadi takriban nyuzijoto 850, kisha hupozwa ghafla, mara nyingi kwenye mafuta. Hapo huwa kigumu mno na chepesi kuvunjika, hakifai kufungwa popote. Ndipo hurudishwa kwenye tanuru la joto la chini zaidi, mara nyingi kati ya nyuzi 400 na 650, kwa muda uliopimwa. Hatua hiyo ya pili hupunguza ugumu na kukipa chuma uwezo wa kustahimili mshtuko. Bila hiyo, hatua ya kwanza ni hatari tupu.

Sasa lete gesi. Chuma cha aina hii kikivuka nyuzi 727 huanza kujipanga upya kwa ndani, na kazi yote ya kiwandani inafutika pale moto ulipogusa. Kikiachwa kipoe chenyewe hewani, kinalegea: kesho kitapinda tena kwenye shimo dogo kuliko lile la mwanzo. Kikimwagiwa maji, kinarudi kwenye ule ugumu wa hatari, na safari hii hakuna tanuru la pili linalokisubiri. Mara nyingi vyote viwili hutokea katika kipande kimoja. Katikati pamekuwa pagumu kupita kiasi, pembeni pamelegea, na mpaka kati ya hayo mawili unabeba msongo ambao hakuna mhandisi aliyeupigia hesabu. Moto ukizidi hadi chuma kianze kurusha cheche, kimeungua. Chuma kilichoungua hakirekebishiki kwa njia yoyote.

Afadhali kipuri kilicholegea, maana kikipinda dereva atahisi gari linavuta upande mmoja. Kilichokakamaa hakitoi taarifa. Kitatoka gereji, kitapita matuta na makorongo, kitavumilia siku kadhaa au miezi, halafu kitakatika siku gari limejaa na liko kasi. Mkono wa usukani ukikatika, dereva anabaki amezungusha usukani usioshika kitu.

Nimewasikia mafundi wakijitetea kwamba wamefanya kazi hii miaka mingi na hakuna gari lililorudi na lawama. Hoja hiyo haina uzito. Gari lililokatika mkono wa usukani mlimani halirudi gereji kulalamika, na ajali yake huandikwa kuwa ni mwendo kasi, au breki, au uzembe wa dereva aliyekufa. Kipuri chenyewe huishia kwenye chuma chakavu kabla hakijatazamwa na mtu mwenye ujuzi.

Springi ndizo zinazonitia hofu zaidi, kwa sababu ndizo zinazochezewa zaidi. Jani la springi ya lori lina kaboni ya kiasi cha asilimia 0.6, pengine na kromiamu kidogo. Chuma hicho kimechaguliwa kwa sababu kinakubali sana kukakamaa, na sababu hiyo hiyo ndiyo inayokifanya kisichezewe na moto. Likipoteza mkunjo, baadhi ya mafundi huliweka kwenye makaa, hulikunja upya na kulipoza wapendavyo. Makaa yenyewe hula kaboni ya ngozi ya juu, na ngozi ikilegea ndiko nyufa za uchovu wa chuma zinakoanzia. Isitoshe, springi nyingi hupigwa risasi ndogondogo za chuma kiwandani ili uso wake ubanwe na usifunguke ufa kirahisi. Joto la makaa linaufuta mbano huo wote, na hakuna gereji ya mtaani itakayoweza kuurudisha.

Kuchomelea springi ni kubaya zaidi. Jani limekatika, fundi analiunga kwa rodi, analisaga kwa grainda likawa laini, mwenye gari anafurahi. Pembeni mwa ule mshono chuma kilipanda joto sana, kisha ubaridi wa jani zima ukakinyonya joto lile kwa sekunde chache, kana kwamba kimetumbukizwa majini. Ukanda mwembamba umebaki hapo, mgumu na mwepesi kuvunjika. Jani litakatika tena hapo, karibu kabisa na mshono, na fundi ataapa kwamba mshono wake ulikuwa imara. Ni kweli, mshono ulikuwa imara. Hata doa moja la rodi iliyogusa springi kwa bahati mbaya wakati wa kuchomelea fremu linatosha kuanzisha ufa. Anayechomelea karibu na springi azifunike, na asifunge waya wa ethi juu yake.

Wengine hujibu kwamba kabla ya kufunga hutazama kama pana ufa. Swali ni ufa wa ukubwa gani. Tarehe 15 Desemba 1967 daraja la Silver Bridge, lililovuka mto Ohio nchini Marekani, lilianguka likiwa limejaa magari ya jioni, na watu 46 wakafa. Lilijengwa mwaka 1928 likining'inia kwenye mapande marefu ya chuma yaliyotiwa nguvu kwa kupashwa na kupozwa. Pande moja lilikatika kwenye jicho lake, kuanzia kwenye ufa wenye kina cha milimita 2.5 hivi, uliojificha mahali ambapo mkaguzi asingeweza kuuona bila kulifungua daraja. Chuma kikiwa kigumu na hakina ustahimilivu, ufa unaohitajika kukikata huwa mdogo. Kile kilichoachwa laini kingeweza kubeba ufa mkubwa, unaoonekana, na kikampa mtu nafasi ya kushtuka.

Boliti za tairi nazo. Nati imeganda kwa kutu, spana imeshindwa, gesi inaletwa. Nati inawashwa nyekundu, inatoka, na boliti ile ile iliyokuwa ndani ya moto inafungwa tena na nati mpya. Boliti hiyo imelegea. Itakazwa, itavutika kidogo kidogo, na tairi litaanza kucheza. Nati ikichomwa, boliti yake ing'olewe na kutupwa, hapana mjadala. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja hapa.

Iko pia hatari isiyohitaji gesi. Boliti zenye nguvu zina namba kichwani: 8.8, 10.9, 12.9. Kadiri namba inavyopanda ndivyo chuma kilivyokakamazwa zaidi, na ndivyo kinavyoogopa haidrojeni. Ukiloweka boliti ya 12.9 kwenye tindikali ya betri ili utoe kutu, au ukaipeleka kupakwa zinki kwa umeme bila utaratibu, haidrojeni huingia ndani ya chuma. Haifanyi kitu siku hiyo. Boliti inafungwa, inakazwa, inakaa kimya, halafu baada ya saa au siku kadhaa inakatika hata kama gari limesimama. Kiwandani boliti ngumu zikishapakwa zinki kwa umeme hupashwa mapema kwa takriban nyuzi 200, kwa saa kadhaa, ili haidrojeni itoke. Hatua hiyo ikirukwa, hakuna atakayejua mpaka boliti ikatike.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya mafundi wa chini ya mwembe peke yao. Machi 2013, kwenye upande mpya wa daraja la Bay Bridge kati ya San Francisco na Oakland, wajenzi walikaza boliti ndefu 96 zenye kipenyo cha inchi 3. Ndani ya wiki mbili 32 zilikuwa zimekatika, hata kabla daraja halijafunguliwa. Wachunguzi walikuta haidrojeni imefanya kazi yake, tena ndani ya chuma ambacho ugumu wake haukuwa sawa kutoka ngozi hadi kiini na ambacho ustahimilivu wake ulikuwa mdogo. Mradi huo ulikuwa na wahandisi, maabara na vyeti, na bado ikabidi watengeneze kifaa kingine kikubwa cha kushikilia sehemu ile. Sisi tuna ndoo ya maji na macho.

Kwa hiyo fanya haya, na uyafanye wiki hii. Ingia chini ya gari mchana, pawe na mwanga. Sehemu iliyochomwa huacha alama: rangi ya kiwandani imebabuka mahali pamoja tu, chuma kina magamba meusi, au kina madoa ya njano, zambarau na bluu. Chuma kilichosuguliwa kikibadilika kuwa bluu kimefika kama nyuzi 300. Hapo peke yake si kosa kubwa, lakini pembeni yake kuna mahali palipopata moto zaidi. Rangi mpya nyeusi kwenye kipuri kimoja, vingine vikiwa na vumbi la miaka, ni sababu ya kuuliza maswali. Kisha chukua tupa mpya. Ikiteleza bila kung'ata hata kidogo, kipuri hicho ni kigumu kupita kiasi na kisifungwe. Ikikata kwa ulaini mno ukilinganisha na kipuri cha upande wa pili wa gari, kimelegea. Na kama unataka kutafuta ufa, osha kipuri, kipake mafuta ya taa, subiri, kifute kikauke kabisa, halafu kipake chaki nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatachora mstari. Njia hii ni ya zamani na inafanya kazi, ila haikuonyeshi ulaini wala ugumu, na ufa mwembamba sana inaweza kuukosa. Chaki ikibaki nyeupe, bado hujahakikishiwa kitu kuhusu kipuri kilichokwisha kuchomwa.

Wenye magari mengi, viwanda vya sukari, migodi na kampuni za mabasi wana uwezo zaidi ya huo. Kupima ugumu wa chuma kwa mashine hakuhitaji kukivunja, na unga wa sumaku huonyesha nyufa ambazo chaki haizioni. Kulabu za winchi na minyororo ya kuinulia vipimwe hivyo hivyo, na visiguswe na gesi wala rodi kamwe.

Fundi, hakuna anayekukataza kazi ya moto. Geti, bomba, vyuma laini vyenye kaboni kidogo, choma na unyooshe, havikakamai kwa urahisi. Mhunzi mzuri anayefua tindo anajua kwamba akishaitia maji lazima airudishe motoni taratibu na kuitazama ikibadilika rangi kabla ya kuikabidhi, la sivyo itarusha vipande kwenye macho ya mtu. Lakini hata yeye hapaswi kukirudisha kipuri cha usukani kwa kukadiria, maana tindo ikivunjika haiui watu 30. Mteja akija na tairodi iliyopinda, mwambie bei ya mpya, au ya iliyotumika ambayo haijapinda wala kuguswa na moto, na akikataa mwache aende.

Na wewe mwenye gari, usimshinikize fundi akunyooshee kwa gesi kisha umlaumu. Muulize kwa mdomo wako kama kuna kipuri cha usukani, springi au boliti ya tairi iliyowahi kupigwa moto katika gari lako. Jibu likiwa ndiyo, au likiwa sijui, kibadilishe kabla gari halijabeba mtu mwingine.