Mkanda wa ndege na mkanda wa Kosta

Nilikuwa mkoani Ruvuma. Nilianzia Songea, nikaenda Mbinga, nikateremka mpaka Mbamba Bay ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Samaki aina ya mbasa nimekula mpaka basi, na picha nitaziweka nikipata muda. Leo nina jambo linalonikera, nalo linahusu mkanda wa mpira. Ndiyo, mkanda! Nivumilie kidogo.

Tuanze Songea. Nilikuwa nimeahidiwa kiti kwenye ndege ndogo, Cessna ya injini moja, ili tupite juu ya milima ya Umatengo na mwambao wa ziwa, mpigapicha wetu apate picha zake. Nafika uwanjani asubuhi, nakuta propela imeng'olewa, imelazwa kwenye turubai kama mgonjwa. Rubani alikuwa ameona nyufa kwenye mkanda wa oltaneta alipokuwa anaikagua ndege siku mbili kabla. Akagoma kuruka. Fundi ikabidi apande basi kutoka Dar, na mkanda mpya ndani ya begi.

Nilinuna, nakiri. Nikamsogelea fundi, mtu mzima mwenye miwani ya kusomea, nikamwambia, "Kaka, yaani safari imekufa kwa mkanda tu?"

"Mdogo wangu," akanijibu bila kuinua kichwa, "kwa mkanda tu."

Nikakaa kumwangalia, sikuwa na kazi nyingine. Kwenye injini ile, Lycoming, mkanda unazunguka kwenye puli iliyo nyuma ya propela kabisa. Huwezi kuupenyeza kama unavyofanya kwenye gari, lazima propela itoke. Kwanza fundi alihakikisha swichi zote zimezimwa, maana propela ya injini kama hiyo ukiizungusha kwa mkono injini inaweza kushika, na wewe ukabaki hadithi. Akafungua kofia ya mbele, akalegeza boliti, wakaibeba propela wawili. Mkanda mkuukuu ukatoka. Akapitisha kidole ndani ya mifereji ya puli akitafuta kutu au ukingo mkali, kwa sababu puli mbovu hutafuna mkanda mpya kwa muda mfupi. Ndipo akavisha mpya na kuukaza. Ukilegea unateleza na kuungua, ukizidi kukazwa unaua beringi za oltaneta. Propela ikarudi, boliti zikakazwa kwa spana inayopima nguvu, halafu zikafungwa waya zisijilegeze. Kazi haikuishia hapo, kwani mkanda mpya hunyooka. Baada ya saa chache za kuruka ni lazima mtu aupime tena.

Nikauliza swali ambalo kila mtu angeuliza: ukikatika angani, ndege inaanguka? Akacheka. Haianguki! Injini ile inapata cheche kutoka kwenye magneto mbili inazozizungusha yenyewe, haitegemei betri wala oltaneta. Mkanda ukikatika, unachopoteza ni kuchajiwa kwa betri. Redio na taa zitakula kilichobaki, na kwenye Cessna nyingi hata mabawa madogo ya kutulia yanashushwa kwa umeme. Lakini injini inaendelea kuunguruma. Mchana mweupe juu ya Ziwa Nyasa, rubani mzuri angegeuza akarudi Songea.

Hebu lishike hilo. Ndege ilizuiwa siku nzima kwa ajili ya kitu ambacho hata kikikatika haianguki.

Sasa twende barabarani. Ratiba yangu ilikuwa imeshavurugika, nikapanda gari za kawaida. Kuteremka kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay ni raha tupu siku hizi, kilomita kama 66 za lami, kona baada ya kona, kisha ghafla ziwa linafunguka mbele yako. Kurudi ndiko kwenye kazi. Ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Mbinga iko juu ya mita 1,000, na Kosta imejaza watu, mahindi na madumu. Injini inapanda huku inachemka.

Tangu tulipoondoka Mbamba Bay mkanda wa feni ulikuwa unalia. Konda alishuka mara moja akausugua kwa kipande cha sabuni ya mche, kelele zikaisha, abiria tukafurahi! Tulisimamishwa njiani mara mbili, karatasi zikakaguliwa, hakuna aliyefungua boneti. Katikati ya mlima tukasikia mlio kama wa kiboko, halafu mvuke.

Kwenye gari lile mkanda huohuo mmoja unaendesha pampu ya maji na oltaneta. Ukikatika, maji hayazunguki, injini inapikika. Tofauti na ndege, gari halina pa kwenda. Dereva akaanza kukata ukanda wa tyubu ya baiskeli ili afunge afikie juu. Ulikatika mara mbili.

Kiti cha mbele yangu alikuwa amekaa mama kutoka vijiji vya mwambao, na mtoto wa miaka miwili hivi mwenye homa kali, anampeleka hospitali Mbinga. Tulikaa pale saa tatu. Mwisho mama akampakata mtoto kwenye bodaboda, kitenge kimemfunika kichwa, wakapotea kwenye kona. Jioni nilipita hospitali kuulizia. Mtoto amewekewa dripu, malaria, anaendelea vizuri. Nilishusha pumzi. Lakini saa tatu kwa mtoto mwenye malaria si kitu cha kumshukuru Mungu na kusahau.

Najua mtakachoniambia. Ndege ni ya wenye hela, ukileta masharti ya ndege kwenye Kosta nauli itapanda, mwananchi wa kawaida ataumia. Nilimwuliza dereva bei ya mkanda mpya. Ilikuwa pungufu ya nauli za abiria wanne! Sisi tulikuwa zaidi ya thelathini. Kwa hiyo hela tuiweke pembeni.

Wengine mtasema madereva wetu hawajali. Hapo nako sikubali. Yule fundi wa ndege, tukinywa soda baada ya kazi, aliniambia gari lake mwenyewe Dar mkanda unalia mwezi wa tatu sasa, hajapata nafasi. Mtu yuleyule, mikono ileile! Kwenye ndege ana daftari. Ameandika tarehe, saa za injini, mkanda gani umetoka na upi umeingia, kisha akasaini, na nyuma ya saini hiyo kuna leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ambayo anaweza kuipoteza. Rubani anayefuata anasoma. Ndege za kukodisha kama ile hukaguliwa kila baada ya saa 100 za kuruka, hata kama hazijalalamika. Kwenye Kosta nani ameandika wapi kwamba mkanda umeanza kulia? Dereva wa Jumatatu anajua, wa Alhamisi anarithi sabuni.

Sitaki mitambo mipya wala semina elekezi hotelini. Nataka daftari la shilingi chache likae kwenye kila gari la abiria, lenye jina la aliyefungua boneti asubuhi na alichokiona, na anayesimamisha gari barabarani aombe hilo kabla ya karatasi nyingine. Mashine za kusaga pale Mbamba Bay nazo zinaendeshwa kwa mikanda hiyohiyo, watoto wanapita pembeni na ndoo za mahindi, mkanda hauna hata kizuizi. Huko nitarudi siku nyingine.

Na tusiambiane kwamba Waswahili hatuna utamaduni wa matengenezo. Ukipita Umatengo angalia milimani. Zile ngoro, mashimo ya kushika maji na udongo kwenye miteremko mikali, watu wamezilima kwa vizazi, na huchimbwa upya kila baada ya mzunguko wa mazao, mteremko haujabomoka. Hakuna anayengoja shamba lifike mtoni.

Siku ya kuondoka Mbinga nilimkuta dereva wetu stendi, anapakia. Nikamwuliza, kaka, mkanda mpya umefunga? Akasema ameshafunga, tena alinunua miwili, mmoja wa akiba. Nikafurahi, nikaomba niuone huo wa akiba. Alikuwa amemwazima mwenzake aliyekatikiwa asubuhi ile.