Tuzihesabu na Taka

Mwalimu wa kemia anapowaonyesha wanafunzi namna ya kutengeneza esta, humimina matone machache ya asidi kali ya salfuriki ili kuharakisha kazi. Asidi hiyo ni kichocheo. Haimalizwi na kazi inayoifanya. Lakini kazi ikiisha, asidi imekwisha changamana na kila kitu. Hapana budi nguvu yake ivunjwe kwa alkali, na kinachobakia ni maji ya chumvi ya kumwagwa. Darasani hasara hiyo ni ndogo. Kiwandani ni mapipa kwa mapipa.

Ndiyo maana wataalamu wamejitahidi kupata asidi iliyo yabisi, isiyoyeyuka, inayoweza kuchujwa na kurudishwa kazini. Kikwazo kikubwa kimekuwa maji yenyewe, kwani asidi yabisi nyingi hupoteza nguvu zikiloweshwa. Hata hivyo, kikwazo hicho si cha milele. Mwaka 1990, huko Mizushima, Japani, kampuni ya Asahi Chemical ilianza kuunganisha saikloheksini na maji ili kupata saikloheksanoli, ambayo ni malighafi ya nailoni. Kichocheo kilikuwa zeolaiti, unga wenye vitundu vidogo mno, uliojaa silika, na kwa hiyo hupokea mafuta kwa urahisi kuliko maji. Unga hubaki majini. Mafuta yaliyobeba bidhaa huelea juu na kuondolewa. Unga huendelea na kazi.

Hatusemi kwamba kila kinachoitwa kisafi kipokelewe kwa vigelegele. Kichocheo kilichotumika mara tano maabarani hakijathibitisha kwamba kitadumu kiwandani. Tena, lipo jaribio rahisi: kichujwe kazi ikiwa katikati, kingali moto. Iwapo kimiminika kilichochujwa kitaendelea kufanya kazi, basi asidi imevuja, na dai la uyabisi ni maneno matupu.

Mwaka 1992 mwanakemia Roger Sheldon alieneza kipimo kilicho wazi: ni kilo ngapi za taka kwa kila kilo ya bidhaa? Swali hilo lingefaa kuulizwa na kila mtumishi anayepitisha mpango wa kiwanda. Na waalimu wetu waanze nalo darasani: mwanafunzi apimaye esta yake apime pia kile anachokwenda kukimwaga. Asipozoea kukihesabu akiwa shuleni, hatakihesabu atakapokabidhiwa kiwanda.