Bohari ya Dawa Ilishwe na Hazina, Isilishwe na Sanduku la Dawa



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, mizani ya kupimia majani ya chai na nyumba za kambi. Leo tunazungumza juu ya ofisi ambayo wengi wetu hatujaiona kwa macho, wala hatuna safari ya kutupeleka huko. Ni Bohari ya Taifa ya Dawa ya Uganda. Ofisi hii ndiyo inayoinunulia Serikali dawa, sindano, glavu na bandeji, kisha ikazipeleka katika hospitali na vituo vya afya vya Serikali nchini kote.

Huenda ndugu mmoja akauliza: mambo ya bohari yanatuhusu nini sisi wa jembe na mashine? Yanatuhusu sana. Mwezi wa Machi 2001 malipo ya kutibiwa katika vituo vya Serikali yaliondolewa. Tangu hapo mchuma chai wa Kyenjojo au mkata miwa wa Kakira akishikwa na malaria huenda kituoni bila senti mfukoni, na dawa ikiwapo hupewa. Dawa isipokuwapo huandikiwa karatasi, akaambiwa akanunue dukani. Hapo ile huduma ya bure imekwisha, na bei ya dukani inatoka katika mshahara ule ule ambao tulipigana mwaka mzima ukaongezwa kidogo. Asiyeweza kununua hulala kambini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mgonjwa aliyetimiza mwezi mmoja kazini mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, lakini ugonjwa ukipita mwezi wa pili mwajiri ana ruhusa ya kumwachisha kazi. Na kibarua wa siku, ambaye jina lake haliko katika daftari lolote, atamdai nani?

Kununua kwa pamoja si jambo geni kwetu. Katika kambi moja tunayoijua, wafanyakazi walichanga fedha wakawa wananunua unga wa posho kwa magunia, badala ya kila mtu kununua kilo yake kwa muuza duka. Bei ilishuka na watu wakafurahi. Kisha likaja swali la nauli: yule ndugu anayetumwa mjini atakula nini, na gari litalipwa na nani? Hawakukubaliana, basi nauli ikawa inatolewa katika fedha za unga. Mwezi wa kwanza ilikuwa kidogo. Baadaye kila safari magunia yalipungua na hakuna aliyeweza kusema kama unga umepanda bei au nauli imenenepa, kwa sababu vyote viwili viliandikwa katika mstari mmoja. Hakuna aliyeiba, ila mpango ule ulikufa.

Bohari yetu ya Taifa ilianzishwa kwa sheria mwaka 1993, ikachukua nafasi ya bohari kuu ya zamani iliyokuwa chini ya Wizara ya Afya. Kwa miaka mingi fedha za dawa zilipita njia zaidi ya moja: nyingine zilikwenda wilayani pamoja na ruzuku ya afya ya msingi, nyingine zilikaa Wizarani. Katika mwaka wa fedha wa 2009/10 Serikali ilikusanya fedha za dawa katika fungu moja la bajeti, fungu namba 116, likakabidhiwa Bohari yenyewe. Yako maneno mengi juu ya uamuzi huo, na wakubwa wa wilaya hawakuupenda. Sisi tunauunga mkono. Anayenunulia nchi nzima ana nguvu mbele ya mwenye kiwanda cha dawa, na wilaya mia moja zikienda sokoni kila moja na kikapu chake hazina nguvu hiyo. Tena mwananchi akitaka kujua fedha ziko wapi, anajua mlango wa kubisha.

Lakini ofisi ya kununua nayo inakula. Ina makarani, wafamasia, walinzi, mabohari ya kukodi au kujenga, malori na mafuta ya malori, na dawa nyingine hazikai ila katika ubaridi. Italishwa na nani?

Njia moja ni kuuza. Ofisi inanunua, inaongeza kidogo juu ya bei, inawauzia wenye hospitali, na ile nyongeza ndiyo riziki yake. Hapa Kampala Bohari ya Pamoja ya makanisa ya Kikatoliki na Kiprotestanti, iliyoanzishwa mwaka 1979, huuzia hospitali za misheni na wengine kwa mtindo huo, na imeendelea, maana mnunuzi wake analipa. Ndugu zetu wa Tanzania nao walichukua njia hiyo kwa Serikali. Bohari yao ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993 na kuanza kazi mwaka 1994, ilikusudiwa kuzungusha mtaji wake yenyewe: dawa inauzwa, fedha inarudi, dawa nyingine inanunuliwa. Mpango ulikuwa mzuri katika karatasi. Shida ni kwamba mteja mkubwa ni Serikali yenyewe, na Serikali haikulipa kwa wakati. Deni lilirundikana mwaka hata mwaka, wakaguzi wa hesabu wakaliandika katika ripoti zao, na mwaka 2014 hospitali kubwa za nchi zilipungukiwa dawa kwa sababu ya deni hilo. Mtaji ukikaa kwa mdaiwa haununui hata kidonge kimoja.

Wako wanaosema ofisi ichukue sehemu fulani ya kila mia inayonunua. Sisi tunaogopa jambo hilo zaidi. Anayelipwa kwa mia hupata zaidi dawa inapokuwa ghali, hata akiwa mtu mwaminifu.

Tunaona Hazina ndiyo iilishe Bohari, tena kwa mstari wake peke yake: huku fedha za dawa, kule fedha za uendeshaji, na shilingi moja isivuke ukuta huo bila Bunge kujua. Njia hii nayo ina ubaya, tusifichane. Anayelipwa na Hazina hupata mshahara sanduku lifike au lisifike. Tena Hazina hutoa fedha robo kwa robo ya mwaka, na robo ikichelewa, agizo la ng'ambo linachelewa, na dawa ya ng'ambo huchukua miezi baharini na bandarini. Kwa hiyo Bohari ipewe mapema ahadi ya mwaka mzima iliyoandikwa, ili iweze kufunga mikataba yake.

Kuhusu sanduku kufika, mwaka 2010 uliletwa mtindo wa makasha yaliyopangwa tayari kwa vituo vidogo, vile vya daraja la pili na la tatu, na hospitali zikaachiwa kuagiza zenyewe. Makasha yalisaidia mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kujua kuagiza. Lakini kasha moja kwa nchi nzima halijui kwamba huku mabondeni kuna malaria na kule milimani kuna kifua, ndiyo maana dawa moja ilizidi mpaka ikaharibika na nyingine ikaisha wiki ya pili. Tunasema muuguzi wa kituo kidogo afundishwe kuagiza. Hata chapa ya Serikali inayopigwa juu ya vidonge, ambayo ni hatua njema dhidi ya wezi, haiwezi kuleta kidonge ambacho hakikuagizwa.

Sisi tunalipia. Wengi wetu mishahara yetu ni midogo hata haifikii kodi ya mapato, lakini kila mche wa sabuni tunaonunua una kodi ya thamani ya 18 kwa mia ndani yake.

Katika Bunge wafanyakazi tuna viti vitano. Makadirio ya bajeti hupelekwa Bungeni ifikapo tarehe 1 Aprili, na hupitishwa kabla ya mwisho wa Mei. Tunawaomba wabunge wetu hao watano wasimame fungu namba 116 litakaposomwa, waulize mambo mawili: kati ya kila shilingi mia, ngapi ni dawa na ngapi ni uendeshaji, na katika mwaka uliopita Hazina ilitoa fedha za kila robo tarehe gani. Majibu yao tutayachapa hapa hapa. Nao makatibu wa matawi walioko karibu na kituo cha afya waiombe kamati ya usimamizi wa kituo iwaruhusu kuwapo lori la dawa linapofika, na waandike tarehe ya kufika na idadi ya makasha, kisha watuletee daftari hilo kabla ya Machi.