Kabla ya kuokota jiwe, tuulize mbwa amepatwa na nini

 Leo siandiki juu ya mgao, wala juu ya kwenda nchi ya tatu. Naandika juu ya mbwa. Najua wengine mtacheka, lakini someni hadi mwisho, maana ndani ya habari hii kuna mtoto mwenye kidonda mkononi.

Mimi ni mjitoleaji hapa Bukirasazi. Nimekulia kambi ya Kinama, kule Gasorwe, Muyinga, kwa hiyo mbwa wa kambini nawajua toka utoto. Hawa si mbwa wa kununua. Mtu anapewa kitoto na jirani Mrundi, anakilea kwa mabaki ya bugali, nacho kinamlindia kuku usiku. Basi, ndiyo mkataba wote.

Mzee mmoja jirani yetu ana mbwa dume anaitwa Bobi. Wakati ule alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kama miwili. Alikua pamoja na ndugu yake wa tumbo moja, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Walilala pamoja, wakacheza pamoja, hata mfupa mmoja waliutafuna pamoja. Halafu asubuhi moja Bobi akamrukia ndugu yake shingoni. Haikuwa mchezo, damu ilitoka. Wiki ileile akashika mbwa wengine wawili. Ajabu ni kwamba sisi watu alituchezeshea mkia kama kawaida.

Mara ya nne alipigana tena na ndugu yake. Mtoto wa miaka minane akaingiza mkono ili awatenganishe, akaumwa karibu na kidole gumba. Na hakuna aliyeona vizuri ni mbwa yupi kati ya hao wawili aliyemuuma.

Vijana tukajaa pale na mawe. "Ile imbwa iko na wazimu, tuiue sasa hivi!" Nasema ukweli, mimi pia nilikuwa nimeshaokota jiwe langu. Aliyetuzuia ni mama wa mtoto, tena alikuwa analia. Alisema: "Mukiziua, nani ataniambia kama zilikuwa na ugonjwa?"

Neno lile ndilo limenifanya niandike. Wote tulikuwa tunataka kumtetea mtoto wake, lakini ni yeye peke yake aliyekuwa anafikiri juu ya mtoto. Sisi tulikuwa tunafikiri juu ya mbwa.

Tuelewane vizuri. Mbwa akibadilika ghafla, jambo la kwanza la kuogopa ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unapita kwenye mate. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Duniani unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka kwa makadirio, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliumwa na mbwa. Hao ni watoto kama wa kwetu, wanaocheza nje na kuingiza mkono wasipotakiwa kuuingiza.

Kwa hiyo mtoto aliyeumwa hasubiri. Pale pale tuliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Dakika 15 ni nyingi, mkono unachoka na mtoto analia, lakini usiache. Jirani mmoja alileta pilipili ya kusaga aipake, tukamkatalia kwa heshima. Siku hiyohiyo tukampeleka mtoto kutibiwa. Kituo cha kwanza walituambia chanjo haipo, tukatembea hadi kingine, nauli tukachanga. Jioni akapata sindano ya kwanza.

Na mbwa je? Mbwa aliyemuuma mtu, kama yuko hai na anaweza kufungiwa, anafungiwa na kuangaliwa siku 10. Sababu yake ni hii: mbwa huanza kuwa na vijidudu vya kichaa kwenye mate siku chache tu kabla ya kuonyesha dalili, na dalili zikianza anakufa upesi. Kama siku ya kumi anakula, anakunywa na anamjua mwenye nyumba, basi siku ile alipouma mate yake hayakuwa na kichaa. Ukimuua kwa mawe, jibu hilo unalizika pamoja naye. Akifa katika siku hizo 10, usimguse kwa mikono mitupu, mwite mganga wa wanyama.

Tuliwafunga wote wawili, kila mmoja peke yake, mbali na watoto. Tuliangalia kama sauti inabadilika, kama mate yanatiririka, kama taya linalegea, kama anashindwa kumeza, kama anauma vijiti na mawe bila sababu. Tuliangalia pia kama anapooza au anajificha kimya, maana kichaa si lazima kiwe cha fujo. Siku ya kumi na moja wote walikuwa wazima, na Bobi alikuwa analilia bugali yake. Juu ya sindano zilizobaki aliamua muuguzi, hatukuamua sisi.

Sasa kama haikuwa kichaa, ilikuwa nini? Hapo nilijifunza mengi. Mganga wa wanyama wa wilayani alipopita kwa ajili ya mbuzi, tulimwomba amtazame. Akamshika Bobi, akapapasa nyuma ya sikio, Bobi akapiga kelele. Chini ya manyoya kulikuwa na kidonda cha zamani chenye usaha. Akauliza: "Huyu mnamfunga mchana?" Mzee akakubali. Bobi alikuwa ameua kuku wa mtu, kwa hiyo wiki tatu zilizopita alianza kumfunga kwa kamba fupi kwenye mti. Watoto walipata mchezo wa kumtupia mawe, na mbwa wanaozurura wakaja kumuuma akiwa kwenye kamba.

Mganga akatueleza. Mbwa aliye huru akiogopa anakimbia. Aliyefungwa hawezi kukimbia, anabakiwa na meno tu. Akiona meno yamemwokoa mara moja, mara ya pili hangoji mwingine aanze. Ongeza maumivu ya sikio. Ongeza na umri: kati ya miezi sita na miaka miwili hivi, mbwa dume anabalehe. Ndugu yake aliyecheza naye akiwa mdogo sasa ni dume mwenzake, na jike akiwa kwenye joto karibu, au chakula kikiwa kidogo, vita vinaanza. Kwa hiyo "ghafla" tuliyoisema sisi haikuwa ghafla. Ilijengeka wiki tatu mbele ya macho yetu.

Tulifanya nini? Kidonda kilisafishwa na kutiwa dawa. Mzee alimjengea kizizi cha miti upande wa nyuma, ambapo mbwa wengine hawafiki, na mabanda ya kuku yakafungwa vizuri. Anakula peke yake. Nikitembea naye na tukaona mbwa mwingine, simpigi wala sivuti kamba kwa nguvu, maana ukimtia maumivu kila anapoona mbwa, anajua mbwa ndiye analeta maumivu. Nageuza njia mapema, na akitulia nampa kipande cha bugali. Mbwa wakipigana hatuingizi mikono, tunawamwagia ndoo ya maji.

Sitawadanganya kwamba amekuwa malaika. Na ndugu yake hawajarudi kuwa marafiki, wanapitana kwa mbali. Lakini miezi minne sasa hajamuuma yeyote.

Kuna rafiki aliniambia: "Bana, sisi wenyewe hatushibi, wewe unatuletea mambo ya imbwa?" Swali lake ni la haki. Jibu langu ni kwamba sihesabu chakula cha mbwa, nahesabu mikono ya watoto. Yule mtoto alikatishwa masomo, mama yake alipoteza siku za kulima vibarua, na majirani walichanga pesa ya nauli ambayo ilikuwa ya sabuni na chumvi. Sindano ya mbwa ni ya bei ndogo mno mbele ya mzigo wa mtu aliyeumwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wengine wanasema dawa ni kuua mbwa wote. Lakini ukiua wa leo, kesho watu wanaleta vitoto vingine ambavyo havijachanjwa, na unaanza upya. Kinachofanya kazi ni kuchanja mbwa wengi, kama 7 katika kila 10, na kurudia. Wasiseme hiyo ni ya nchi tajiri. Angalieni kisiwa cha Pemba, Tanzania. Walichanja mbwa kisiwa kizima, na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimekatika. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje, wakachanja tena, na kufikia 2018 kikakatika mara ya pili. Kwa hiyo inawezekana, ila ukilala kinarudi.

Basi ninaomba mambo matatu.

Kwenu vijana wenzangu: mbwa akibadilika tabia, msimzunguke na mawe. Waondoeni watoto, mtengeni, mwambieni mwenye mbwa na komite ya karitie. Na yule mbwa aliyefungwa kwenye mti, tuwakataze wadogo zetu kumchokoza.

Kwenu wazee na mama zetu wenye mbwa: kamba fupi mchana kutwa haimfanyi mbwa kuwa mlinzi, inamfanya mkali. Na kitoto kikifika miezi mitatu, ulizeni chanjo.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: mnatuhesabu sisi, mnahesabu vyoo na mabomba, asanteni. Hesabuni na mbwa. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Mkiongea na mganga wa wanyama wa wilayani siku hiyo aje na sindano, sisi wajitoleaji tutapita nyumba kwa nyumba na kuwaleta mbwa wote, wa kambini na wa majirani Warundi pia, maana mbwa hawajui mpaka wa kambi. Na tuambieni mapema ni kituo gani kina chanjo ya watu, ili siku nyingine mama asitembee na mtoto anayevuja damu akiuliza mlango hadi mlango.

Kidonda cha mtoto kimepona, limebaki kovu. Juzi nilimkuta kwenye kizizi cha Bobi, amesimama mbali kidogo, mikono ameificha nyuma. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema: "Namuangalia tu, yaya. Leo hajakasirika."