Mtoto Hana Deni la Jezi

"Shukrani ya punda ni mateke." Ukitaka kuisikia methali hii kila jioni, nenda kwenye viwanja vya vumbi vya Dar es Salaam kipindi ambacho timu za vijana zinajipanga upya. Kijana wa miaka 14 amehamia akademia ya mtaa wa pili. Kocha wake wa zamani kasimama pembeni ya goli, filimbi shingoni, anawaeleza wazazi waliobaki: mimi ndiye niliyemtoa kwenye chandimu, nikamfundisha kutuliza mpira, nikamvalisha viatu, leo kanitupa. Wazazi wanatikisa vichwa kwa huruma. Hakuna anayeuliza punda alibebeshwa nini.

Imani yenyewe ni hii: mtoto anayehama timu hana shukrani, hana nidhamu, na hafiki mbali. Makocha wanaihubiri, watangazaji wa michezo wanaidaka, wazazi nao wanawatishia watoto wao kwayo. Ni imani ya uongo. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba inawanyima fedha makocha walewale wanaoililia.

Nianze na uchungu wa kocha, maana uchungu wenyewe ni wa kweli. Kocha wa watoto wa Tandika au Manzese halipwi na mtu. Mpira ananunua mwenyewe, uwanja anambembeleza mwalimu mkuu, mwenye jeraha anampeleka zahanati kwa hela ya mfukoni. Kocha mmoja wa mtaani, ambaye simtaji, aliwahi kunifungulia daftari lake la kaunta. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake. Juu: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule anayosoma, namba ya simu ya mzazi, siku aliyoanza mazoezi. Chini: viatu vya mtumba, soksi, nauli ya daladala kwenda mechi na kurudi, maji, uji. Mwisho kabisa, kwa wino mwekundu, jumla. Mzazi akija kuomba barua ya kumruhusu mwanawe ahame, anasomewa jumla ile. Akilipa, barua inaandikwa. Asipolipa, mtoto anakaa nyumbani mpaka msimu uishe.

Nikamuuliza: huyu mtoto aliambiwa lini kwamba uji ule ni mkopo? Akacheka, akafunga daftari.

Kisheria jambo hili halina pa kusimama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18, na mtoto hana uwezo wa kujifunga kwa mkataba. Fomu anazosainishwa kijana wa darasa la saba siku ya majaribio, zenye muhuri na maneno makali ya kutohama kwa miaka mitano, ni karatasi za kutishia tu. Hata FIFA, kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18 ambaye tayari ni wa kulipwa, haitambui mkataba unaozidi miaka mitatu. Sembuse huyu anayecheza kwa uji.

Tena tuwe wakweli kuhusu sababu za watoto kuhama. Ya kwanza hata haihusu mpira. TAMISEMI ikitangaza waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, timu nzima ya chini ya miaka 14 inaweza kusambaa kwa wiki moja: huyu kapangiwa shule ya bweni mkoani, yule kapelekwa kwa shangazi Kibaha. Wengine wanahama kwa sababu nauli imewashinda. Wengine ni makipa wa tatu, na kipa wa tatu mwenye miaka 13 hajifunzi udakaji kwa kukaa benchi akishika chupa za maji. Kuna wanaokimbia kocha anayechapa. Na wapo, ndiyo, wanaohama kwa sababu akademia ya pili ina nyasi na jezi mpya. Mtoto kupenda nyasi kumekuwa kosa tangu lini?

Wakubwa hatuwahukumu hivyo. Kocha Nasreddine Nabi aliifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, kisha akafungasha akaenda kufundisha Morocco. Sikusikia mtu akimwita punda. Tulisema ametafuta maisha, tukamtakia heri. Makocha wa Ligi Kuu wanabadilisha timu katikati ya msimu, na klabu zinawafukuza baada ya sare tatu, yote hayo tunayaita mpira wa kisasa. Uaminifu tunaudai kwa mtu mmoja tu katika mnyororo mzima: yule asiye na mshahara, asiye na wakili, na ambaye keshokutwa ana mtihani wa hesabu.

Wanaosema mtoto wa kuhamahama hafiki mbali wanijibu kuhusu Mbwana Samatta. Alikulia Mbagala, akachezea African Lyon, akapita Simba kwa muda mfupi, na mwaka 2011, akiwa na miaka 18, akavuka kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Alipoondoka Simba walikuwepo walionung'unika kwamba ndiyo kwanza ameanza kuzoeleka. Mwaka 2015 alibeba Ligi ya Mabingwa Afrika na Mazembe, akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Januari 2020 alisajiliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Kila ngazi aliyopanda aliipanda kwa kuiacha iliyo chini yake. Sidai kwamba kila anayehama ni Samatta. Nadai kwamba kubaki hakujamfikisha mtu huko.

Sasa nije kwenye fedha, maana ndiyo inayozungumzwa kwa lugha ya shukrani.

Walioandika kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji walijua tangu mwanzo kwamba mtoto atahama. Hawakumkataza. Walichofanya ni kuanza kuhesabu miaka yake ya malezi tangu mwaka anaotimiza miaka 12, na kumwandikia kila aliyemlea fungu lake kwa muda aliokaa naye. Kuna fidia ya mafunzo, ambayo hulipwa kijana anaposajiliwa nje ya nchi kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa, na pia anapohamishwa baadaye kutoka nchi moja hadi nyingine, mpaka mwaka anaotimiza miaka 23. Kuna na malipo ya mshikamano: mchezaji anapouzwa kimataifa akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja ya bei, na kila mwaka kuanzia 16 una nusu ya asilimia.

Robo ya asilimia inasikika kama chenji ya dukani. Haya, tupige hesabu. Mwaka 2013 Victor Wanyama wa Kenya aliuzwa na Celtic kwenda Southampton kwa bei iliyotajwa kuwa pauni milioni 12.5. Miaka minne ya umri wa 12 hadi 15, kwa kanuni hiyo, ni asilimia moja ya bei: pauni 125,000. Ziweke kwenye uwanja wowote wa Eastlands ya Nairobi au Mbagala uone zinajenga nini. Mtoto akikaa timu ya kwanza miaka miwili na ya pili miaka miwili, fungu linagawanywa nusu kwa nusu. Aliyemwacha mapema hapotezi miaka yake. Kuhama hakumwibii mtu kitu.

Kinachomwibia ni kutoandikishwa. Malipo haya yanakwenda kwa klabu zilizosajiliwa na shirikisho la nchi husika, na kwa miaka ambayo mtoto alisajiliwa kwa jina lake halisi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo cha malipo huko Paris, na kazi yake inaanzia kwenye pasi ya kielektroniki ya mchezaji: orodha ya klabu alizosajiliwa tangu utotoni, msimu kwa msimu. Akademia nyingi tunazoziona mitaani hazimo kwenye orodha yoyote. Zina jina zuri, zina nembo yenye simba au tai, zina ukurasa wa Instagram, lakini kwa shirikisho hazipo. Siku kijana akiuzwa Ulaya, mwenye akademia ataenda redioni kulalamika kwamba amesahaulika. Atasema kijana hana shukrani. Kijana hana mamlaka ya kuandika pasi yake mwenyewe.

Hapa ndipo ile barua iliyozuiwa inapomrudia aliyeizuia. Mtoto aliyenyimwa barua haachi mpira. Timu mpya inamtafutia jina. Anacheza kwa cheti cha kuzaliwa cha binamu yake, na kwa kuwa binamu ni mdogo kwa miaka miwili, tumeshatengeneza kijeba. Kwenye mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA kila mwaka tunapiga kelele kuhusu mamluki na vijeba kana kwamba wameota kama uyoga. Sehemu ya mbegu tunaipanda wenyewe, pale tunapomfundisha mtoto kwamba njia halali ya kuhama imefungwa na ya uani iko wazi. Na jina likishabadilika, miaka ya kocha wa kwanza imekufa nalo. Atadai malezi ya nani, wakati kwenye karatasi mtoto huyo hajawahi kupita kwake?

Wapo watakaosema dawa ni adhabu. Mfano wao upo, tena kwenye mchezo ambao hapa kwetu bado mgeni. Katika besiboli ya sekondari za Japani, mwanafunzi akihama shule bila sababu inayokubalika, kama familia yake kuhama makazi, anakaa mwaka mzima bila kucheza mashindano rasmi. Lengo ni kuzizuia shule zisinyang'anyane wachezaji. Nalielewa lengo. Lakini sekondari ya juu kule ni miaka mitatu, kwa hiyo tunazungumzia theluthi ya muda wote alionao kijana kufika Koshien, mashindano ambayo nchi nzima inayatazama kwenye televisheni. Shule iliyomshawishi inaendelea kucheza. Mkubwa kakosea, mdogo kakaa benchi. Watu wakiniambia Tanzania tuige hilo, nauliza kwanza tuige na viwanja vyao.

Nakubali kwamba kuna kuhama kunakomuumiza mtoto. Dalali anayemwambia mama wa Temeke kwamba kuna majaribio Uturuki, alete milioni mbili za viza, huyo ni wa polisi. FIFA inazuia uhamisho wa kimataifa kwa walio chini ya miaka 18, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kwa sababu ya watu kama yeye: vijana wa Kiafrika wametelekezwa kwenye miji ya watu wakiwa hawana hata nauli ya kurudi. Yupo pia mzazi anayembadilishia mtoto timu kila anapowekwa benchi, akidhani kila kocha ana chuki binafsi. Huyo anahitaji kuambiwa ukweli, ila breki tayari ipo: kwa kawaida mchezaji anasajiliwa na klabu tatu tu kwa msimu na kuchezea mechi rasmi za mbili. Hakuna haja ya kocha kujitungia gereza lake.

Isitoshe, dalali anastawi palepale penye makocha wanaoshikilia. Mzazi anayeweza kukaa na kocha akamwambia, "Mwalimu, naona mwanangu amefika mwisho hapa, unatushauri wapi?" hana sababu ya kumfuata mtu wa mkoba. Aliyeogopeshwa na lile daftari ndiye anayekwenda usiku kwa mgeni. Kocha aliyemruhusu mtoto vizuri, akampigia simu kocha mpya na kumweleza kwamba dogo anatumia mguu wa kushoto zaidi na goti la kulia lilimsumbua mwezi wa sita, hajapoteza kitu. Dogo atampigia simu. Mdogo wake ataletwa mazoezini kwake.

Vyama vya mpira vya wilaya navyo visijifiche nyuma ya ugomvi huu. Kusajili timu ya watoto kusiwe safari ya ofisi nne na ada isiyo na risiti. Afisa mwenye kompyuta ndogo akae uwanjani Jumamosi moja mwanzoni mwa msimu, aingize watoto wa wilaya nzima, kila mmoja kwa cheti chake. Na kocha wangu wa daftari la kaunta aje nalo: majina yamo, tarehe za kuzaliwa zimo, siku ya kuanza mazoezi imo. Nusu ya chini ya kila ukurasa, ile yenye viatu na uji, aiache nyumbani. Haina safu kwenye fomu ya shirikisho.