Mstari Mwekundu Si Hukumu

Kijana wa Kiogoro akiandika “omogaka” kwenye tarakilishi, yaani mzee, papo hapo neno hupigwa mstari mwekundu. Akidhani amekosea, hulifuta akaweka la Kiingereza. Hasha! Mashine ndiyo isiyojua. Katika LibreOffice, programu ya bure, libofye neno hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uliongeze katika kamusi. Tarakilishi hiyo hailitii doa tena. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuifunza OpenOffice, mzazi wa programu hiyo, Kiswahili. Nasi tuifunze Ekegusii, leo neno, kesho neno. Mwacha mila ni mtumwa.