Kiboko Mmoja, Masomo Sita: Mtoto Akenda Kutazama Wanyama, Mama Usikae Pembeni



Leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalichukulia kuwa ni matembezi tu: kumpeleka mtoto kutazama wanyama. Maoni yangu ni kwamba siku moja ya kutazama wanyama inaweza kumfundisha mtoto karibu kila somo la skuli, lakini mwalimu wa siku hiyo ni mama. Mama akikaa pembeni na simu yake, mtoto hurudi na picha tu.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Sikukuu moja nilimpeleka mwanangu kwenye bustani ya wanyama. Nguo mpya, aiskrimu, picha chungu nzima. Usiku baba yake akamuuliza amejifunza nini. Akajibu, "Chatu kalala tu." Basi! Pesa zote zile, faida yake ni chatu kalala.

Likizo iliyofuata tukaenda kumtembelea dada yangu aliyeolewa bara, Basotu, wilaya ya Hanang mkoani Manyara. Boti mpaka Dar es Salaam, basi kupitia Dodoma na Singida hadi Katesh, kisha gari nyengine. Kule hatukukata tiketi ya bustani yoyote. Lipo Ziwa Basotu, na ndani yake wamo viboko. Safari hii nilijiandaa: nilisoma kidogo habari za kiboko, nikanunua daftari na penseli.

Mwanangu yuko darasa la tano na hesabu humliza. Alishajiaminisha kuwa kichwa chake hakishiki hesabu, na hilo ndilo lililokuwa likiniuma.

Tulikaa mbali na maji, mahali pa juu, pamoja na mwenyeji wetu, maana kiboko huua watu na si wa kusogelewa. Nikamuuliza mwanangu: kwa nini anashinda majini? Tukazungumza ngozi yake inavyokauka na kuungua kwa jua, na yale majimaji mekundu yanayomtoka kuikinga. Akaona mwenyewe kuwa macho, masikio na pua vimewekwa juu ya kichwa, ili mwili uzame na yeye aendelee kuona na kupumua. Hiyo ni sayansi.

Kisha nikamwambia kiboko mkubwa hula takriban kilo 40 za majani kwa usiku mmoja. Je, kwa siku 30? Akaandika: kilo 1,200. Na mfuko wetu wa mchele ni kilo 25, kwa hiyo ni mifuko mingapi? Hapa nilitarajia machozi. Akanyamaza, akachora chini kwa kijiti: mifuko minne ni kilo 100, na mia ziko kumi na mbili. "Arubaini na nane, mama!" Wallahi nilishukuru. Mtoto hakuwa mzito, alikosa tu kitu cha kuhesabu.

Jiografia ilikuwa mbele yetu. Ziwa lenyewe limo ndani ya shimo lililochimbwa na mripuko wa volkano, na Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, nao ni wa volkano. Tukamweleza tope lililoporomoka kutoka mlimani mwezi wa Disemba 2023, likaua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya karibu. Akauliza kama kulikuwa na watoto. Tukawaombea dua wote.

Kiswahili na historia vilikuja kwa neno moja. Nilimwambia mjeledi huitwa kiboko kwa sababu ulikatwa kutokana na ngozi ya mnyama huyu, na wakati wa Wajerumani watu wetu walichapwa nao. Dada yangu akaongeza habari za mashamba makubwa ya ngano ya miaka ya 1970 na 1980, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, na Wabarabaig walivyopoteza malisho ya ng'ombe wao. Mtoto anayekula chapati kila asubuhi naye ajue kuwa ngano ina hadithi yake.

Na dini? Qur'ani ina sura zilizopewa majina ya ng'ombe, nyuki, sisimizi, buibui na ndovu, na katika Surat Al-Ghashiya tunaambiwa tumtazame ngamia alivyoumbwa. Kwa hiyo kumtazama mnyama kwa mazingatio nako ni kumjua Muumba.

Najua mtaniambia, "Mie sina nauli ya Manyara." Si lazima. Changuu wapo makobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, walioletwa mwaka 1919. Jozani wapo kima punju, wanaopatikana Zanzibar tu. Ukikosa vyote, ng'ombe wa jirani anatosha.

Wengine mtasema, "Mie sikusoma." Dada yangu aliishia darasa la saba, na ndiye aliyesimulia zaidi siku ile. Unachohitaji ni maswali matatu: Unaona nini? Kwa nini yuko hivyo? Wangapi, au kiasi gani? Na usiifanye mitihani. Mwache akimbie na acheke, kisha jioni mwambie achore na aandike mistari mitano.

Bi harusi mtarajiwa, ndani ya sanduku lako, baina ya kanga na udi, tia na daftari moja tupu. Siku In shaa Allah utakapojaaliwa mtoto, utalihitaji.